Kitambaa cha katikati ya meza: vyumba havitokei, milia tu. Nimekosea wapi?

MamaPacha_Tanga

Wadau, habari za jioni. Niseme mapema kabla sijatumiwa tena picha za vitambaa vya makochi: kufuma ninakokusudia si kwa kroshia. Ni kwa kitanda cha kufumia: mtande (nyuzi za urefu zilizokazwa kitandani) na mshindio (uzi unaopitishwa kuzikatiza).

Kitanda chenyewe ni kidogo cha kuweka mezani, upana sentimita 40. Nilichongewa na fundi seremala wa Ngamiani ambaye hajawahi kuona kitu cha namna hiyo. Nilimchorea kwenye daftari la mwanangu, akalitazama weee, mwisho akaniuliza, "Mama, hiki cha kukaushia samaki?" Lakini kakitengeneza vizuri, mninga mtupu. Chanuo peke yake, lile la kuinua na kushusha nyuzi za mtande na kusukumia mshindio, sikumwachia. Nililetewa na wifi yangu kutoka Uswidi, lina ufa, tundu, ufa, tundu, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ubavuni limeandikwa 40/10.

Nataka kitambaa cha katikati ya meza, cha mdogo wangu anayeolewa mwezi ujao. Meza yao ni ya sentimita 120, nikapanga kitambaa kiwe 150 ili kila upande kining'inie kidogo. Uzi ni wa pamba, nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, rangi mbili: nyeupe ya maziwa na buluu iliyokolea. Mchoro ninaoutaka niliuona sebuleni kwa mtu: vyumba vyumba kama draft, chumba hiki milia imesimama, cha pembeni yake imelala, ukikaa mbali unaona kama mkeka wa ukili. Niliinama nikakisogelea mpaka mwenye nyumba akadhani nimepoteza hereni.

Nikatanda nyuzi 128: buluu, nyeupe, buluu, nyeupe, hadi mwisho. Mshindio pia buluu mara moja, nyeupe mara moja. Nimefuma sentimita 12. Matokeo: milia imelala kitambaa kizima. Hakuna chumba hata kimoja. Na juu ya hapo, kitambaa kilianza na upana wa 32, sasa kimeshuka 28 na nusu, kina kiuno kama Miss Tanga. Uzi wa mwisho upande wa kushoto nao unaelea, haujashikwa na kitu.

Nifanyeje? Nimechoka na mume wangu ananipita anacheka.

Jembe_Kavu

Dada yangu, Mgandini pale vitambaa vya meza vya mtumba vipo vya kila rangi. Haya mambo ya kufuma vitambaa vya meza tuwaachie wazungu wenye baridi, wanakaa ndani miezi sita hawana kazi.

Kevo_wa_Umoja

Usimsikilize huyo. Nimewahi kufuma skafu mbili tu, kwa hivyo nisikudanganye, lakini nadhani jibu ni hili: ukifika pale unapotaka chumba kibadilike, pitisha rangi moja mara mbili. Yaani buluu, nyeupe, buluu, nyeupe, nyeupe, buluu. Jaribu uone.

MamaPacha_Tanga

Kevo nimejaribu sasa hivi. Kweli kuna kitu kimebadilika! Milia iliyokuwa imelala sasa imesimama. Lakini imesimama KOTE, kutoka pindo hadi pindo. Nimepata mkanda wa milia iliyolala na mkanda wa milia iliyosimama. Vyumba bado.

Bi_Kibokoni

Mwanangu, pole. Kevo amekupa nusu ya dawa. Nusu nyingine imo kwenye mtande, nawe mtande ushautanda, ndiyo maana huioni.

Nami nilianza kwa kosa hilo hilo. Mwaka 1987 nilikuwa chuo cha ufundi, vitanda vikubwa vya kukanyaga kwa miguu, mwalimu akaniacha nikatanda mita nane za buluu-nyeupe-buluu-nyeupe bila kusema neno. Alipokuja akanambia, "Hongera, umetengeneza shuka la hospitali." Sijamsahau.

Sasa sikiza. Sahau rangi kidogo, tazama chanuo. Ulivyotanda, buluu zote ziko kwenye nyufa, nyeupe zote ziko kwenye matundu. Sivyo? Ukiinua chanuo, nyuzi za matundu zinapanda, yaani nyeupe zote zinakuja juu. Hapo ukipitisha mshindio mweupe, huo mshindio unazifunika zile buluu zilizobaki chini. Jicho laona nini? Nyeupe juu, nyeupe juu: mstari mzima mweupe. Ukishusha chanuo, buluu zinapanda, wapitisha buluu, mstari mzima wa buluu. Mweupe, wa buluu, mweupe, wa buluu: milia imelala.

Ukipindua, yaani nyeupe za mtande zimepanda nawe wapitisha buluu, basi kila tundu laonekana jeupe na kila ufa waonekana wa buluu, na mstari unaofuata ni vivyo hivyo. Milia imesimama. Hicho ndicho alichokufanyia Kevo. Lakini kwa kuwa mtande wako ni wa mpango mmoja kutoka kushoto hadi kulia, ukipindua wapindua wote.

Ili chumba kimoja kilale na jirani yake asimame kwa wakati mmoja, hao majirani wawe wametandwa kinyume. Chumba cha kwanza buluu kwenye ufa, nyeupe kwenye tundu. Chumba cha pili nyeupe kwenye ufa, buluu kwenye tundu. Mpakani hapo utaona nyeupe mbili zimelala pamoja bila buluu kati yao. Mpaka unaofuata, buluu mbili. Hizo pacha ndizo kuta za vyumba vyako. (Nawe jina lako Mama Pacha, hebu ona.)

Sasa usilie na usikate kitu. Huna haja ya kutanda upya. Nyuzi zako zina idadi ile ile ya buluu na nyeupe, zataka kubadilishana viti tu. Fanya hivi.

Fumua hizo sentimita 12. Fumua, usikate, uzi wa mtande ukishaukata hauongezeki. Kisha hesabu. Nyuzi 128 ukizigawa kwa 16 wapata vyumba vinane, lakini vinane ni vibaya: pindo la kushoto litakuwa chumba kilicholala na la kulia kilichosimama, kitambaa kitaonekana kimepinda hata kama hakikupinda. Vyumba viwe tisa vya nyuzi 14. Hizo ni 126. Jozi moja ya pembeni itoe, iweke, siku uzi ukikatika utaililia.

Halafu chumba cha 2, cha 4, cha 6 na cha 8, hivyo tu, ndivyo vya kupindua. Fungua fundo la mbele linaloshika chumba cha pili peke yake, vingine viache vimekazwa. Chomoa buluu kwenye ufa wake na nyeupe kwenye tundu lililo jirani yake, zibadilishane: nyeupe iingie ufani, buluu iingie tunduni. Jozi saba kila chumba, vyumba vinne, jumla jozi 28. Huko nyuma ya chanuo zitapishana kidogo, upana wa punje ya mtama, haidhuru. Funga tena kwa mkazo ule ule wa wenzao, uguse kwa kiganja: kama kuna uliolegea utaujua.

Ukifuma, pitisha mishindio 14, ukianza na buluu utamalizia na nyeupe. Chumba kipya kianze na nyeupe hiyo hiyo. Lakini badilisha mdomo, yaani ule mwanya wa nyuzi unaopitisha mshindio: kama chanuo lilikuwa juu, lishushe! Rangi yarudiwa, mdomo haurudiwi. Ukirudia na mdomo, uzi wa kwanza utatoka wote ukirudi nao.

Na pima kwa rula: kwenye sentimita moja kuna mishindio mingapi? Iwe minne, kama mtande. Ukiwa wagonga kwa hasira ukapata sita, vyumba vitakuwa vifupi vipana kama matofali ya bloku.

Bi_Kibokoni

Nimesahau kumjibu huyo wa mtumba. Mwanangu Jembe Kavu, Kilwa walipochimba walikuta vigae vya vyungu vimetobolewa katikati, vya kusokotea pamba. Ibn Battuta alipita Mogadishu mwaka 1331 akaandika habari za nguo zinazofumwa pale, zikisafirishwa mpaka Misri. Hao walikuwa na baridi gani?

Jembe_Kavu

Nimekoma Bi mkubwa. Shikamoo.

Bi_Kibokoni

Marahaba. Nenda kanunue uzi.

MamaPacha_Tanga

Bi, nimekaa nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeshika nyuzi kwa vidole, ndipo nikaelewa. Nyeupe juu na nyeupe juu, mstari mweupe! Nilikuwa nadhani mchoro unatokana na mshindio tu. Nimehesabu mishindio: ni mitano na nusu kwa sentimita. Naona ni hasira kweli.

Maswali mawili. Hiyo sehemu ya kiuno, na uzi wa pembeni unaoelea, vinatokana na nini? Na uzi wa buluu uliobaki ni kidonge kidogo, utanitosha? Dukani umeisha, muuzaji ananiambia "njoo Ijumaa" tangu mwezi uliopita.

Asha_Goteborg

Mambo, niruhusuni hapo kwenye kiuno. Mimi niko Uswidi huku, mtaani kwetu kuna chumba cha kufumia cha jumuiya, vitanda sita, bibi wa miaka themanini na kitu ndiye mwenye ufunguo na ndiye mwenye amri. Hilo 40/10 lililo kwenye chanuo lako maana yake nyuzi 40 kwa kila sentimita 10. Huku wanahesabu kwa kumi, si kwa moja.

Kiuno: unavuta mshindio ukiwa umenyooka. Ukiupiga, unalazimika kupanda na kushuka kwenye kila uzi wa mtande, sasa hiyo njia ya milima inahitaji urefu zaidi, nao urefu utautoa wapi? Unavuta mapindo. Kwa hiyo uzi usiulaze umenyooka. Ukishaupitisha, ushike pindo kwa vidole viwili, uinue uzi katikati ufanye upinde kama kilima, urefu wa kidole hivi, halafu ndiyo usukume chanuo. Bibi wetu hapimi kitu, anatazama tu huo upinde. Mimi mwanzoni nilikuwa naweka rula kila baada ya vyumba viwili, nikiona nimeshuka chini ya 31 najua nimeanza kuvuta.

Uzi unaoelea: kwa sababu una vijiti viwili vya kupitishia mshindio, cha buluu na cheupe. Kijiti cha buluu kila siku kinapita kwenye mdomo ule ule, kwa hiyo uzi wa mwisho kila siku kinaupita juu, kikienda na kikirudi. Cheupe nacho kila siku kinaupita chini. Hakuna anayeuzunguka. Dawa ni kuvikumbatisha pembeni: kabla kijiti cha buluu hakijaingia, ukipitishe kwanza kuuzunguka uzi mweupe unaoning'inia hapo, ndipo kiingie. Kila upande. Inachosha siku ya kwanza, siku ya pili mkono unafanya wenyewe. Usiukaze sana, utafanya vifundo pembeni.

Bi_Kibokoni

Asha kasema vyema kabisa, tena mimi hapo kwenye kukumbatisha huwa nasahau kuwaeleza watu, nafanya tu.

Suala la uzi kuisha, usikadirie kwa macho, macho ya mfumi yana tamaa. Una mizani ya jikoni? Uzi wa unene huo, gramu 100 ni kama mita 320. Kitambaa chako kikiwa bado kitandani kitataka kama sentimita 165 za kufuma, kwa sababu kikishuka kitajikunja na kikifuliwa kitajikunja tena. Mishindio minne kwa sentimita, 165, hiyo ni 660. Kila mmoja upana wa 32 na ule upinde wake, sema 34. Wapata kama mita 225 kwa rangi zote mbili, nusu yake mita 112 na kidogo. Ukigeuza kuwa uzani ni gramu 35 za buluu na 35 za nyeupe. Pima kidonge chako.

Jambo jingine, na hili ni la haraka. Hiyo buluu umeijaribu kama yatoa rangi? Chukua kipande cha uzi, kitie kwenye kikombe cha maji ya moto, kisha kikande na kitambaa cheupe. Mimi nilipoteza kazi ya wiki tatu kwa nyekundu moja nzuri sana.

MamaPacha_Tanga

Kidonge: gramu 41. Nimeshukuru Mungu.

Rangi: maji yamekuwa ya buluu hafifu mara ya kwanza, mara ya pili kidogo sana, mara ya tatu meupe. Kwa hiyo kidonge cha mshindio nimekifungua nikakiosha chote kabla sijafuma, kimekaukia kwenye kamba katikati ya nepi za pacha. Mtande ndio umeshatandwa, huo namwachia Mungu na maji baridi.

Kufumua kumechukua dakika arobaini. Kubadilishana viti, saa mbili na robo, nikiwa na sindano ya kroshia (ndiyo, ileile) ya kuvutia uzi kwenye tundu. Chumba cha pili nilikifungua nikakifunga mara tatu. Cha nane nimekimaliza bila hata kutazama.

Kevo_wa_Umoja

Nimefuata hii mada yote nikajua kwa nini skafu yangu ya pili ina milia iliyolala upande mmoja na iliyosimama upande mwingine. Kumbe nilikosea mtande mara moja katikati, nikadhani ni mtindo. Nimewauzia watu hivyo.

MamaPacha_Tanga

Siku kumi na moja baadaye, nimerudi.

Vyumba vimetoka jamani! Chumba cha kwanza milia imelala, cha pili imesimama, cha tatu imelala, na nilipofika mishindio 14 nikarudia nyeupe, vyote vikapindukiana mbele ya macho yangu. Nilimwita mume wangu. Akatazama, akasema, "Sasa hiki ni mkeka." Nimekubali kama sifa.

Mwanzoni vyumba vilitoka virefu kidogo kwa woga wa kugonga, mpaka mstari wa nne hivi mkono ukapata kipimo. Ukikitandika mezani utaona upande mmoja vyumba vina urefu wa sentimita 4 na upande wa pili 3 na nusu. Bi harusi hatajua, mama mkwe wake atajua.

Kiuno kimepona. Kitandani kilikuwa 31 kwa 163. Nimekifua kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, nikakianika kivulini kimelala juu ya taulo. Kimebaki 29 kwa 149. Nyeupe haijageuka, ila maji ya kwanza yalinipa presha. Buluu imebaki gramu 4 mkononi.

Pembeni uzi hauelei tena. Bado kuna vifundo vidogo upande wa kulia pale nilipokuwa nakaza, Asha ulinionya.

Swali la mwisho: matamvua nifunge nyuzi ngapi ngapi? Nimejaribu nne nne, mwishoni zinabaki mbili peke yake kama mayatima.

Halafu kuna kosa moja nimeliona baada ya kufua, sikulisema kwa mtu. Nimeweka picha. Atakayeliona amwambie Mungu tu.

Asha_Goteborg

Hongera sana! Nimemwonyesha bibi mwenye ufunguo. Amekitazama kimya, akageuza simu kichwa chini, akakitazama tena, akasema mapindo yako ni mazuri kuliko yangu. Sijafurahi.

Bi_Kibokoni

Mashallah, mashallah. Funga saba saba. Chumba kina nyuzi 14, kwa hiyo kila chumba kitapata matamvua mawili, jumla 18, na kila la pili litaangukia mpakani. Nne nne zingekupotosha hata kama zingegawanyika.

Chumba cha sita, jozi ya tatu kutoka kushoto. Hukuibadilisha. Buluu mbili zimebanana, kisha nyeupe mbili.